Kipa Aliyeomba Kufungwa

Jumatatu, 3 Machi

Nimepona! Daktari kasema mwenyewe, tena mbele ya mke wangu, kwa hiyo shahidi ninaye. Matezi ya shingoni yamenywea, damu ni safi, saratani haionekani popote. Nirudi kupimwa baada ya miezi sita. Miezi sita! Mwaka mzima uliopita sikuwahi kupewa zaidi ya wiki tatu kwa mkupuo.

Mke wangu alilia. Mimi sikulia. Niliangalia dirishani kwa muda mrefu, basi.

Tulipita chumba cha dripu kuwaaga wenzangu. Hilo lilikuwa kosa. Walikuwa pale pale nilipowaacha, wamebanana kwenye mabenchi ya mbao, kila mmoja na chupa yake ya dawa inaning'inia juu ya kichwa. Fundi Nguo, yule mama mshonaji niliyekaa naye benchi moja tangu dripu yangu ya kwanza, alikuwa amekunja shali na kuliweka nyuma ya kiuno. Bado ana safari ndefu. Anasema mgongo unamtesa kuliko ugonjwa wenyewe. Sista, muuguzi mkuu wa chumba kile, akalalamika kwamba ameomba viti vya kuegemea mpaka amekauka koo. Seremala yuko tayari kuvitengeneza. Wa kuvigharamia hayupo.

Hapo mdomo wangu ukafunguka. Mdomo huponza kichwa, na kichwa changu hakina hata nywele za kukikinga. Nikasema enzi zangu nilikuwa kipa, nikiitwa Ukuta, na hadi leo hajazaliwa mtu mtaani wa kunifunga penalti. Sista akageuka taratibu. Akauliza kama nina uhakika. Nikamwambia uhakika ninao wa kuuza na wa kugawa.

Kabla sijafika mlangoni mambo yalikuwa yameshapangwa. Jumamosi ya wiki ijayo, uwanja wa shule, penalti za hisani. Atakayenifunga atatoa kiti kimoja cha kuegemea kwa ajili ya chumba cha dripu. Sista anasema watu watajitokeza kwa wingi, maana mtaa mzima una hamu ya kunifumba mdomo. Fundi Nguo alicheka mpaka mrija wa dripu ukayumba.

Ukweli, kwa kuwa humu hasomi mtu: nilikuwa kipa wa akiba. Nilicheza mechi moja. Ilivunjwa na mvua.

Jumanne, 4 Machi

Nimeamka na mpango. Nitadaka zote! Nitapigwa picha nikiwa hewani, mpira mikononi, kisha nitaitundika dukani juu ya kioo, mahali panapoonekana vizuri kutoka ng'ambo ya barabara.

Ng'ambo ya barabara yupo mshindani wangu. Kinyozi kama mimi, ila hajui kazi. Nitamwita Ng'ambo, nisije nikachafua karatasi kwa jina lake. Miaka kumi na miwili tumegombania vichwa vya mtaa huu. Nikinunua redio, ananunua spika. Nikipaka mlango rangi, anapaka ukuta mzima. Nilipoota uvimbe shingoni na nywele zikaanza kunyonyoka, nilijua kiama changu kimefika. Nani atakaa anyolewe na kinyozi mwenye kipara? Nilijua Ng'ambo atanimaliza.

Hakunimaliza. Alinifanyia ubaya mkubwa zaidi. Alianza kuniletea matunda.

Mwaka mzima! Anaingia kwa kunyata, anaweka mapapai mezani, ananijulia hali kwa sauti ya msibani. Nilipolazwa aliwanyoa wateja wangu, na nilipotoka akanirudishia mmoja mmoja kama mtu anayerudisha sahani za jirani. Leo pia kaja. Machungwa. Adui gani huyu?

Jioni nilifanya mazoezi uani na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Ni fundi baiskeli, mtu asiyekuwa na haraka hata akifukuzwa na mbwa. Alinipigia mipira kadhaa. Niliidaka miwili, na sufuria ya mke wangu ikadaka mmoja. Tulipokaa kupumzika, shemeji akafikiri weee, kisha akaniuliza: nikidaka zote, wagonjwa watakalia nini?

Nikamjibu kwamba jambo hilo nilishaliwaza.

Sikuwa nimeliwaza.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango mpya, bora kuliko wa kwanza. Nitafungwa, lakini kwa heshima. Mpira ukienda kulia, mimi nitaruka kushoto, tena kuruka kwa kweli, mwili wote, ili watu waseme lo, yule bwana alibahatishiwa tu. Wagonjwa watapata viti na mimi nitabaki na jina. Kufungwa makusudi bila kuonekana ni sanaa. Hawafundishi popote.

Nimefanya mazoezi ya kuanguka chumbani, kwenye godoro. Mke wangu kaja kuuliza kama nimepata kizunguzungu. Siku hizi nikikohoa tu anakuja mbio, hata kama alikuwa anazungumza na mteja dukani kwake. Anauza viatu duka la tatu kutoka langu.

Mazoezi ya uso nimeyafanyia kazini, mbele ya kioo. Uso wa kipa aliyeonewa na bahati: macho yamemtoka, mdomo wazi, mikono kichwani. Nilisahau kwamba kuna mteja kwenye kiti. Alipoinua macho akaniona vile kwenye kioo, akajua nazimia, akakurupuka na taulo shingoni kwenda kutafuta msaada. Akaingia kwa nani? Kwa Ng'ambo. Ng'ambo alikuja na glasi ya maji, akanipepea kwa gazeti, kisha akamalizia ile nusu ya kichwa iliyobaki na kumtuma mteja aje kuniomba radhi kwa kunishtua.

Kuniomba radhi mimi! Nimesaga meno mpaka yameuma.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa. Mpango wangu ulikuwa hauna dosari. Dosari ni watu.

Sista aliitisha mazoezi uwanjani ili wapigaji wajue mahali pa kusimama. Wamejiandikisha wengi kweli kweli. Wa kwanza akawa mwenye bucha. Huyu bwana ana mapaja kama magogo, mlango wa jokofu lake anaufunga kwa teke. Nikajiandaa kuruka upande usio. Akaja polepole, akaugusa mpira kwa ncha ya kidole gumba cha mguu. Mpira ukabingirika, ukachoka, ukasimama njiani. Ilibidi nitoke golini kuufuata.

Watu wakapiga makofi!

Mwokaji mikate aliniuliza kwanza napendelea upande upi. Mwalimu mkuu akaupiga nje makusudi, mbali kabisa, mpaka ukaingia kwenye bustani ya shule. Ng'ambo hata hakupiga. Aliubeba mpira mikononi, akaniletea, akauliza kama nimekunywa maji.

Nikapiga kelele: nifungeni, jamani! Wakacheka huku machozi yakiwalengalenga, wakasema nina moyo wa simba. Mwenye bucha akanivuta pembeni. Kumbe wameshakubaliana wote. Mtu aliyepita nilikopita mimi hapigwi shuti la nguvu. Zawadi yao kwangu ni nisifungwe hata goli moja. Nikamuuliza, na viti? Akasema viti vitapatikana tu, kwani kati ya watu wote hao atakosekana mmoja wa kufunga? Nikamwambia basi awe yeye. Akashika moyo, akasema yeye hawezi, ila mwokaji huenda akaweza. Mwokaji akamsonta mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alishaondoka.

Nikawaza, basi si watoe viti hivyo hivyo bila kufunga? Sista alishawauliza. Walisema itakuwa ni kumdharau Ukuta, kumfanya kama ombaomba. Hapana, sheria ni sheria, atakayefunga ndiye atakayetoa.

Sista hakucheka. Alisema kwa hesabu hii Fundi Nguo atamaliza dripu zake zote kwenye ubao.

Jumatatu, 10 Machi

Usiku niliwaza, asubuhi nikapata jibu. Hawawezi kunifunga kwa sababu wananihurumia. Wapunguze kunipenda! Mtu akikasirika, mguu hujipiga wenyewe. Leo nimeshinda nikitukana watu.

Nilianzia bucha, dukani kumejaa. Nikasema kwa sauti kwamba mizani ya humu inapima nyama pamoja na kidole cha mwenye duka. Wateja wote wakageuka. Nikafurahi, nikajua sasa goli limepatikana. Mwenye bucha akazunguka meza, akanikumbatia na aproni yake yote, akawaambia wateja wanisamehe, ni zile dawa kali zinapanda kichwani. Nimerudi nyumbani na maini ya bure.

Kwa mwokaji nikasema mikate yake ingefaa kujengea. Akasema huo ndio uhodari ninaoutaka kwako, ongea baba, toa yote moyoni. Kwa mwalimu mkuu nikasema kichwa chake kinamaliza makali ya mashine mbili. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema maneno ya mgonjwa hayahesabiwi.

Nikabakiza silaha kubwa. Nikavuka barabara. Duka la Ng'ambo lilikuwa na watu watano. Nikasimama mlangoni, nikamwambia kwamba watu anaowanyoa hutoka humu kama waliotafunwa na mbuzi, na kwamba miaka kumi na miwili nimekuwa nikiwarekebishia vichwa kwa kuwaonea aibu. Zamani angenirushia brashi. Zamani angenijibu jambo la kunikosesha usingizi wiki nzima!

Akapangusa kiti. Akaniambia niketi nipumzike kwanza.

Nimerudi dukani nikakaa gizani, taa sikuiwasha. Sikujua kama mtu anaweza kumkumbuka adui yake hivi.

Jumatano, 12 Machi

Shemeji kaja na wazo lake. Ni nadra, kwa hiyo nikalikubali. Akasema tatizo ni kwamba watu hawaamini nimepona. Yeye atapita mitaani na sokoni na baiskeli yake, atangaze kwa kila mtu kwamba mimi ni mzima kabisa, nina nguvu kuliko zamani, wanipige bila wasiwasi. Aliondoka asubuhi.

Saa nane mchana jirani wa kwanza akaingia na uso wa msiba. Akakaa, akashusha pumzi, akasema ndiyo dunia. Akafuata wa pili. Mpaka jioni sebule imejaa, wengine wamesimama. Kumbe huko sokoni wamejiuliza: mtu mzima tangu lini akatangaziwa uzima? Ukiona wanapita kusema fulani hajambo, jua fulani ana jambo. Imerudi, wakasema. Imerudi tena kwa nguvu.

Nikaruka mbele yao kuonyesha nguvu zangu. Nikabeba meza. Wanawake wakalia zaidi.

Jua linazama, mama mkwe huyo mlangoni, kutoka kwake mbali, na godoro lake begani. Amekuja kuniuguza. Hataki kusikia neno. Amenilaza, amenifunika blanketi mbili, na sasa naandika haya chini ya blanketi kwa mwanga unaopenya kwenye tundu. Mke wangu amemfukuza shemeji hadi mwisho wa njia kwa ndala.

Ijumaa, 14 Machi

Nimetoroka nyumbani mama mkwe alipoingia kuoga. Nimekwenda hospitali kumwambia Sista aahirishe. Bora aibu ya kuahirisha kuliko kusimama kesho mbele ya watu nikidaka mipira ya kubembelezwa, nashangiliwa, halafu wagonjwa wanarudi kwenye mbao zao.

Sista alikuwa ametoka. Fundi Nguo alikuwepo. Hakunitania. Hapo ndipo nilipoogopa, maana huyu mama alinitania hata siku nilipotapika kwenye kofia yangu. Alisema leo amemwomba Sista amruhusu alale sakafuni wakati wa dripu. Akasema watu wananiona mimi shujaa, na ni vizuri, lakini yeye hataki shujaa. Anataka mahali pa kuegemeza shingo.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za nje. Niliona aibu. Kumbe tangu siku ya kwanza nilikuwa nawaza jina langu tu, na yeye alikuwa anawaza shingo yake. Nimemwomba Mungu anipe aibu kubwa kesho. Anipe kufungwa mpaka nichoke kuokota mipira.

Nimerudi kupitia dirishani. Mama mkwe alikuwa amekaa kitandani ananisubiri.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia umevimba. Niseme kwa utaratibu.

Uwanja ulijaa. Sista na filimbi, seremala na kiti kimoja cha mfano kimewekwa kando ya mstari: kirefu, kina mto, kina mahali pa kuweka mkono wenye sindano. Kila mtu alikuja kukibonyeza na kusema hicho ndicho kiti. Kisha wakaenda kupanga foleni ya kukinyima wagonjwa.

Mwenye bucha: kidole gumba. Nikaruka upande wa pili, nikalala kule mbali kabisa, goli lote nimeuachia mpira. Mpira ukasimama juu ya mstari. Nikaupulizia! Haukwenda. Uwanja mzima ukaimba Ukuta! Ukuta! Mwokaji akapiga nje. Mwalimu mkuu akagonga mwamba, jambo gumu kulifanya makusudi, kisha akainua mikono kuniomba msamaha. Nikatoka golini kabisa, nikajifanya nafunga kamba za viatu. Dereva wa gari la takataka akanisubiri kwa adabu mpaka nikarudi mahali pangu.

Makofi. Makofi. Hakuna hata kiti kimoja. Fundi Nguo alikuwa amekaa kwenye kiti cha mfano kwa ruhusa ya seremala, na nilimwona akiinuka, anaanza kukunja shali lake.

Hapo foleni ikasukumwa. Mke wangu. Ametoka dukani vile vile, na viatu vyake vya kazini vya ngozi ngumu. Akampa mama yake mkoba ashike. Akawageukia watu, na alichosema nakiandika kama alivyokisema:

"Mnamwonea huruma ya nini? Nyie mnamjua alipokuwa mgonjwa. Mimi namjua alipokuwa mzima. Ni mwongo, ana majivuno, na anakoroma. Mwaka mzima nimekaa pembeni yake kwenye ndoo iliyogeuzwa, kwa sababu kile chumba hakina hata kiti cha mtu wa kumshika mgonjwa mkono. Nataka kiti changu. Lete mpira."

Nilipanga kuruka upande usio, Mungu anajua. Lakini nilipomwona anarudi nyuma hatua zote zile, mwili wangu ulisahau mpango. Niliruka ulikokwenda mpira. Niliruka kwa nguvu zangu zote, kukinga kwa kweli. Ulipita vidoleni mwangu kama sikuwepo, ukachana wavu.

Goli!

Nililala pale chini nikalia. Sikulia kwa ajili ya mkono, ingawa uliuma. Tangu niugue, kila mtu amenigusa kama yai. Huyu alinipiga kwa nguvu zake zote. Alisimama pale anahema, anacheka na kulia, na hakuja kuniuliza kama nimeumia.

Kisha nikamsikia Ng'ambo. Aliuchukua mpira, akauweka chini, akavua saa yake akampa mtu. Akasema, na sauti ya msibani haikuwepo tena, kwamba miaka kumi na miwili amenivumilia, na leo nitaokota mipira mpaka niote nywele. Akaongeza kwamba kichwa changu kinamwakia machoni, nikipake masizi ili aone goli.

Sijawahi kusikia maneno matamu namna ile. Nikamjibu apige, aache kunyoa hewa. Akapiga. Kona ya juu! Akakimbia uwanja mzima amevua shati, ananicheka na kuninyooshea kidole.

Basi bwawa likapasuka. Sista akatangaza waliokosa warudie, na foleni ikapangwa kwa kusukumana. Mwenye bucha alinipiga shuti lililonisukuma mimi na mpira pamoja hadi wavuni, akasema hilo ni la kidole na mizani. Kumbe alisikia! Mwokaji akasema hilo ni la tofali. Mwalimu mkuu alirudia mara tatu. Nilijitahidi kila moja, naapa, na kila moja ikanipita. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Fundi Nguo alikuwa anahesabu viti kwa sauti kuliko wote.

Kosa moja tu. Mama mkwe naye aliomba kupiga. Akaja mbio na mkoba, akaupiga kwa ubavu wa mguu, mpira laini, katikati. Nikaudaka. Nilitaka kuuachia, mikono ikanisaliti! Penalti pekee niliyodaka kihalali maishani mwangu, na ni ya mama mkwe. Hajasema nami tangu wakati huo.

Jumapili, 16 Machi

Siwezi kuinua mkono wala kugeuza shingo. Daktari aliniruhusu mazoezi mepesi, kwa hiyo daktari hataambiwa. Viti vilivyoahidiwa vinatosha kujaza chumba, na cha mke wangu ni cha wasindikizaji. Alisisitiza hivyo.

Asubuhi alinikanda bega kwa maji ya moto. Nikamwambia kwamba goli lake nililiachia kwa mapenzi. Nikajua nitakandwa na maneno. Badala yake akasema kuna kipindi, katikati ya zile dripu, niliacha kabisa kumdanganya. Alikuwa akiniuliza hali, namwambia kweli. Akiniuliza nimekula, namwambia kweli. Sikujisifu, sikupanga hila yoyote. Akasema hapo ndipo alipoogopa kuliko siku zote.

Nikasema mkono unauma, ili akande zaidi.

Mama mkwe amesema ataondoka nikimwomba radhi kwa ule mpira. Nimemwambia mpira ulikuwa mkali mno, sikuwa na namna. Amefurahi sana. Amesema atakaa wiki nyingine.

Jumatatu, 24 Machi

Leo viti vya mwanzo vimefika. Seremala na wanafunzi wake wamefanya kazi kama watu wanaofukuzwa. Nilikwenda kusaidia kubeba, yaani kuonyesha mahali pa kuweka. Mabenchi yametolewa nje.

Fundi Nguo alikaa cha dirishani. Sista akamwekea sindano, akavuta mgongo wa kiti nyuma. Fundi Nguo akaanza kuniambia kwamba kama kipa nafaa kuchujia chai, na kabla hajamaliza akalala. Alilala! Mdomo wazi, shali limeanguka sakafuni, na hakuna aliyeliokota kwa sababu halihitajiki. Nilisimama pale mpaka Sista akaniuliza nimefuata nini. Nilikuwa na furaha, basi. Nimeiandika ili nisiisahau.

Dukani nimekuta Ng'ambo ametundika picha nje kwake. Mimi niko chini nimelala, mpira uko wavuni, yeye yuko hewani bila shati. Ameiweka inapoonekana vizuri kutoka kwangu. Shenzi kabisa. Nimeitazama siku nzima.

Jumatano, 26 Machi

Sista alipita dukani leo. Viti ni vizuri, hakuna malalamiko, ila kuna jambo dogo. Mchana jua linaingia dirishani na kuwachoma wagonjwa usoni. Anatafuta mapazia. Amewaza safari hii iwe kuogelea, bwawa la chuo, kila mtu na wafadhili wake, kila ukivuka upande hadi upande ni pazia moja.

Ng'ambo alikuwepo, amekuja kuniambia kwamba kiti changu cha kunyolea kinanuka uzee. Akasema yeye ataogelea. Ujanani alikuwa akiogelea kila siku.

Nikamwambia Sista aandike na mimi. Nikasema ujanani niliitwa Mamba.

Maji yaliyopita magoti sijawahi kuyaingia. Lakini kuna wiki tano nzima, na mpango nimeshaupata. Kamba nyembamba ya nailoni, rangi ya maji, nitajifunga kiunoni ndani ya kaptula. Shemeji atasimama upande wa pili na baiskeli yake, anapiga pedeli, ananivuta. Mimi kazi yangu ni kurusha mikono. Hakuna atakayeona. Mpango huu hauna dosari hata moja, na sasa hata watu siwategemei, nategemea kamba.

Jioni nimeanza mazoezi ya kubana pumzi kwenye beseni, mlango nimeufunga. Mke wangu akagonga, akauliza mbona kimya. Nikafungua. Akauliza kwa nini nimelowa hadi masikioni. Nikamwambia ni jasho, kuna joto sana humu ndani.

Alinitazama muda mrefu, akaanza kucheka, akaenda kuniletea taulo.